Bila Kusukumwa

“Gari hili,” alisema Tabasamu, “tangu liingie mikononi mwangu halijawahi kunilaza njiani wala kumsumbua binadamu.”

Aliyasema hayo kichwa kikiwa nje ya dirisha, tena kwa sauti ya juu, maana waliokuwa wakilisukuma walikuwa nyuma. Walikuwa watu wazima watatu. Mmoja alikuwa muuza duka ambaye hata duka lenyewe alikuwa hajafungua, na mwingine alikuwa na mswaki mdomoni.

“Tumekusikia!” alijibu muuza duka, shavu lake limeegemea buti. “Sisi hapa tunafanya mazoezi tu!”

Gari likakohoa, likapiga chafya, likawaka. Moshi uliwafunika wasukumaji kiasi kwamba yule wa mswaki ilibidi arudi ndani akasukutue upya. Tabasamu akatoa mkono dirishani akawapungia kama kiongozi anayeondoka uwanja wa ndege, na safari ya kwenda studio, ambayo kwa miguu ni mwendo wa kumaliza embe moja, ikaanza.

Tabasamu halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mpiga picha, na kila aliyekaa mbele ya kamera yake aliambiwa “tabasamu”, hata wa picha za pasipoti, ambazo hazitaki meno. Wengi walirudishwa wakapige nyingine. Lakini hayo yalikuwa ya zamani. Siku hizi kila mwenye simu ni mpiga picha, na studio ilibaki na pazia lake la maporomoko ya maji, kiti cha kuzunguka, na mwenyewe akizunguka juu yake.

Watu hawakubisha tena hodi kutaka picha. Walibisha kutaka gari. “Tabasamu, kuna viti vya msibani.” “Tabasamu, mtoto ameanguka mtini.” Kabla hujamaliza kueleza, yeye alishavaa viatu. Siku gari lile litakapotoka uani, mlango wake nao utapumzika, na hilo alilijua bila kuambiwa. Alilifukia chini ya maneno mengi kuhusu chuma.

Gari lenyewe lilikuwa la rangi ya maziwa, isipokuwa mlango mmoja wa buluu ulioazimwa kwa marehemu mwenzake. Boneti ilifungwa kwa waya. Mshale wa mafuta ulilala chali mwaka mzima, tangi likijaa lisijae. Yeye alimwita Bi Mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyetangulia kuingia nyumbani kabla ya mke. Mke alipoolewa alicheka sana kwa utani huo. Sasa utani ulikuwa umechacha.

Mke alikuwa mkunga, na wanaojifungua hawana subira. “Jana nimefika, nakuta mtoto keshafika,” alimwambia mumewe. “Na yeye alikuwa hana gari.”

Ndipo akaingia shemeji. Huyu alikuwa mdogo wake mkunga, kijana wa kunukia, muuzaji katika yadi ya magari yaliyotoka ng'ambo. Jumapili moja alikuja na gari la kijivu, akaliegesha nje ya geti kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi. Ua ule ulimeza gari moja tu, na mdomo ulikuwa umeshajaa. Akaingia sebuleni akizungusha ufunguo kidoleni.

“Dada, ukichukua hili jipya, njia ya kwa fundi utaisahau.”

“Jipya?” Tabasamu alidaka. “Shem, hilo watu wameliendesha huko mpaka wakalichoka, wakalipakia melini, likavuka bahari, leo unaliita jipya? Basi na mimi ni kijana. Nimehamia mtaa huu juzi tu.”

“Jipya kwetu, shem.”

“Magari ya siku hizi ni kopo la samaki. Likigongana na mbuzi, mbuzi anakwenda zake malishoni, gari linakwenda gereji. La zamani ni chuma. Linadumu.”

Shemeji akavuta kiti. Alikuwa amengoja sentensi hiyo tangu aoshe gari asubuhi. “Zamani, shem, gari likifika kilomita laki moja lilikuwa linaagwa. Ndiyo maana mita ya Bi Mkubwa ina tarakimu tano. Waliomtengeneza wenyewe hawakutegemea afike huko. La siku hizi laki mbili, laki tatu, ndiyo kwanza linaota meno.”

“Na amefika! Amezunguka mpaka sifuri, akaanza upya.”

“Waya wa mita umekatika, baba watoto,” alisema mkunga bila kuinua macho kwenye sare aliyokuwa akiipiga pasi. “Inasoma namba ile ile tangu tuhamie hapa.”

“Mita ni mita. Lakini gari linakaa au halikai?”

“Linakaa, sibishi. Linakaa uani. Linakaa gereji. Jumanne lilikaa katikati ya njia panda, mabasi yakatuzunguka kama tumewekwa ukumbusho. Sijapata kuona kitu kinachokaa kama gari lako. Mimi nataka linalotembea.”

Shemeji alicheka mpaka akaomba maji. Tabasamu naye alitabasamu, kwa mazoea ya kazi.

Mkunga akasimamisha pasi. “Tusijadiliane mpaka kesho. Jumamosi tunakwenda kumchukua mama aje atazamwe macho. Yeye hatoki bila kitanda chake, kwa hiyo magari yote mawili yataenda. Bi Mkubwa akienda na kurudi bila kusukumwa, mdogo wangu anarudisha hilo lake yadini na mimi sifungui mdomo tena. Akisukumwa, hata hatua moja, Jumatatu mnunua vyuma chakavu anaingia kwa geti lile na mizani yake.”

“Bila kusukumwa?” aliuliza Tabasamu.

“Bila kusukumwa.”

Neno hilo halikumtoka mkunga kwa bahati mbaya. Kutwa nzima kazini aliwaambia wanawake wasukume: sukuma, mama, sukuma, pumzika, haya sukuma. Kurudi nyumbani akute na majirani wanasukuma ilikuwa imemfika hapa, shingoni. Kwake neno lilikuwa moja na lilibeba kila kitu. Tabasamu yeye alilisikia kama lilivyo, akalikunja, akaliweka mfukoni.

Ijumaa alimpeleka Bi Mkubwa kwa fundi. Fundi alimzunguka, akasikiliza injini ikinguruma, akampa Tabasamu mkono na kusema, “Mungu awatangulie.”

Jumamosi ilianza vizuri mno. Bi Mkubwa aliwaka kwa ufunguo wa kwanza, muuza duka akabaki amekunja mikono ya shati bure. Magari yakafuatana mpaka nje ya mji, mkunga akiwa na mdogo wake katika la kijivu, na huko, kwenye barabara iliyonyooka, ikatokea ajabu: gari la kijivu likasimama pembeni. Kwenye dashibodi ilikuwa imewaka taa ndogo ya manjano. Shemeji alitoa kitabu cha maelekezo, akakifungua, akakuta kimeandikwa kwa lugha inayochorwa kuliko kuandikwa. Alikigeuza juu chini, haikusaidia.

Tabasamu akapunguza mwendo ubavuni kwao. “Shem! Tuwasukume?”

“Ni taa tu!” shemeji alifoka. “Gari lenyewe zima!”

“Bi Mkubwa wangu hana taa ya kudeka!” Akapiga honi, ambayo siku hiyo iliitika, akapita.

Hayo yalikuwa furaha yake kubwa kwa mwaka huo, na hayakudumu. Gari la kijivu lilitembea na taa yake ikiwaka, likampita kabla ya kilima cha kwanza, likafika mapema, na mkunga alikuwa anamalizia chai ya mama yake Bi Mkubwa alipoingia. Tabasamu hakuligusia hilo. Mtu mwingine angeona kwamba jipya hulalamika huku likienda, na la zamani hunyamaza mpaka lisimame. Yeye aliona taa ya manjano tu.

Mama mkwe alikuwa bibi mwembamba, mkavu, mwenye maneno machache na fimbo ndefu. Walipomfungulia mlango wa gari la kijivu, upepo wa baridi wa kiyoyozi ukampiga usoni.

“Mnanipeleka kwa daktari au mnanihifadhi nisiharibike?” aliuliza. “Siingii kwenye jokofu. Nitakwenda na mkwe wangu.”

“Mama,” alisema mkunga, “lile la baba watoto ni la...”

“Lina madirisha yanayofunguka?”

“Moja halifungi kabisa, mama,” alisema Tabasamu kwa fahari.

Kitanda kikafungwa juu ya paa, miguu juu, na mama mkwe akakaa mbele. Gari la kijivu likatangulia, maana mkunga alitaka kuwahi kuandaa chumba. Kwa muda wakaliona mbele, kisha wakaona vumbi lake, kisha wakaona barabara tu.

“Mkwe wangu,” alisema mama mkwe, “nasikia nyumbani mnagombea magari.”

“Hatugombani, mama. Tunajadiliana. Mimi nasema vitu vya zamani ndivyo vinavyodumu.”

“Nani kakwambia?”

“Si huyu Bi Mkubwa. Na hata wewe mwenyewe, mama...” Hapo ulimi ukakanyaga breki. Mtu hamlinganishi mama mkwe na gari, tena lenye mlango wa buluu. “Samahani, mama.”

“Sema tu, si wewe wa kwanza. Kila siku wananiambia: watu wa zamani mlikuwa wa chuma, mwone bibi anavyotembea. Sisi tuliocheza rede pamoja tulijaa uwanja mzima. Kawaulize wale wengine kama watu wa zamani wanadumu.”

“Wako wapi, mama?”

“Ndiyo hivyo. Wamelala. Aliyekufa haji kubishana nawe, mkwe wangu. Anabaki mmoja na fimbo yake, mnamwona huyo, mnasema wa zamani ni chuma.”

Tabasamu akabadilisha gia. Bi Mkubwa hakupendezwa. Mama mkwe naye, baada ya kusema aliyokuwa nayo, aliegemeza kichwa, akalala mdomo wazi.

Walivuka daraja. Mbele kidogo Bi Mkubwa akakohoa mara moja, kwa adabu, kama mtu anayetaka kuomba ruhusa. Kisha akazima.

Tabasamu alishuka polepole asije akamwamsha mama. Akafungua waya wa boneti. Akagonga betri kwa jiwe, akapuliza mpira wa petroli mpaka mdomo ukanuka kituo cha mafuta, akambembeleza Bi Mkubwa, akamtukana, akamwomba radhi kwa matusi. Kimya. Mbuzi wawili waliokuwa wakila majani kandokando walimtazama, wakaendelea.

Angeweza kuita vijana wa shambani wakamsukuma na asijue mtu. Lakini mkunga alizoea kusoma nyuso za watu wenye uchungu. Uongo mtupu angeuona kutoka getini. Ukweli ulionyolewa kidogo, huo labda ungepita. Tabasamu alisimama na kitambaa chake cha mafuta mkononi, akaona mizani ya mnunua vyuma, akaona ua mtupu, akaona kiti cha studio kikizunguka.

Nyuma yake likaja lori la mchanga. Dereva akasimama, akachungulia. Juu ya mchanga walikaa wapakiaji wawili, na hao walishaanza kushuka.

“Pole, mzee. Tukusukume?”

“Wee! Asiguse mtu!” Tabasamu aliinua mikono yote miwili. “Vuta.”

“Si yale yale?”

“Si yale yale hata kidogo. Kusukuma ni nyuma, kuvuta ni mbele. Mimi nimekatazwa nyuma.”

“Na nani, daktari?”

“Mkunga.”

Dereva alimtazama usoni, akamtazama tumboni, akaamua kwamba kuna maswali ambayo mtu mwenye mzigo wa mchanga hapaswi kuyauliza. Akateremka na kamba. Alipoinama kuifunga mbele ya Bi Mkubwa aliona kichwa cha mama mkwe kimelala upande.

“Na bibi huyu, mzima?”

“Amelala.”

“Una hakika?”

Wote wawili wakasikiliza. Mama mkwe akakoroma. Dereva akaridhika, akafunga fundo la pili.

Wakaondoka. Bi Mkubwa hakuwahi kwenda vizuri namna ile. Hakutetemeka, hakutoa moshi, kilima alichokipanda asubuhi kwa kuomba dua alikipanda sasa kama mtu aliyeitwa kwenye karamu. Tabasamu aligeuza usukani huku na huku, akaanza kupiga mluzi. Kwenye kona moja hata alimsahau aliye mbele, akajiona dereva.

“Mkwe wangu.”

Mluzi ukakatika. Mama mkwe alikuwa amekaa wima.

“Naam, mama.”

“Mbona kimya hivi? Injini siisikii.”

“Ndiyo sifa yake, mama. Akishapata moto anakuwa laini kama hariri. Yenye makelele ni haya ya siku hizi.”

“Eti?”

“Ndiyo, mama.”

“Aa,” alisema mama mkwe. “Kumbe.”

Akakaza kitambaa chake kichwani, akashika fimbo katikati ya magoti, akatazama mbele. Jicho moja lilikuwa na ukungu mzito, na la pili, kwa walivyosema, lilikuwa njiani kuufuata ukungu huo. Tabasamu alikuwa ameambiwa hivyo na mkewe, na jioni ile aliamua kuliamini jambo hilo kwa moyo wake wote.

Penye mashine ya kusaga nafaka, ambapo mtaa wao unaanza kuteremka, alimwashia dereva taa. Lori likasimama. Mashine ilinguruma kiasi cha mtu kutosikia jina lake mwenyewe, na Tabasamu alishapanga hivyo tangu darajani. Kamba ikafunguliwa, mikono ikapeanwa, lori likageuza kwa njia nyingine. Tabasamu akaachia breki ya mkono.

Bi Mkubwa akashuka. Taratibu kwanza, halafu kwa heshima, halafu kwa kasi iliyomfanya muuza duka avute benchi lake ndani. Kitanda kilipita juu ya mtaa miguu hewani. Gari la kijivu lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara, na geti lilikuwa wazi. Tabasamu akakata kona, akaingia uani, akasimama kabla ya karo la kufulia kwa nguvu za breki na za mguu wake kwa pamoja. Akazima ufunguo ambao ulikuwa umezimwa tangu zamani, akatoka, akafunga mlango polepole kama mtu anayefunga hoja.

Mkunga alitoka jikoni akifuta mikono. Shemeji alikuwa nyuma yake, uso umeshuka. Tangu mchana alikuwa anasubiri simu ya kuomba msaada, na simu haikuja.

“Mmefika,” alisema mkunga.

“Tumefika.”

“Limesukumwa?”

Tabasamu alimtazama machoni. Hakupepesa. “Mke wangu, hakuna mkono wa binadamu uliogusa buti la gari hili tangu asubuhi. Nikisema uongo, niwe kipofu.”

Mkunga alimsoma. Alianza na paji la uso, akashuka kwenye midomo, akasimama kwenye mikono. Hakukuta kitu, kwa sababu katika maneno yale hakukuwa na kitu. Yalikuwa kweli tupu. Akashusha pumzi. “Basi,” akamwambia mdogo wake, “kesho lirudishe hilo lako.”

“Dada, lakini kule kliniki kwako...”

“Nimesema. Neno ni neno.”

Hapo ndipo Tabasamu angenyamaza. Angeingia ndani, akaoga, akala, na Bi Mkubwa akakaa uani kwa miaka mingine. Lakini mtu aliyenyimwa wasikilizaji kwa muda mrefu, akiwapata, hawaachii. Akaegemea boneti, akakunja miguu.

“Shem, usihuzunike. Chuma ni chuma. Ungemwona kule kilimani! Hajapumua kwa shida. Tena palikuwa na lori la mchanga mbele yetu, jipya, linang'aa. Nikawasha taa, nikakanyaga mafuta, nikalipita vup! Dereva wake akabaki kunitolea macho. Halafu mnaniambia habari za laki tatu.”

“Umelipita lori?” shemeji aliuliza kwa unyonge. “Mlimani?”

“Kama limesimama!”

Mlango wa buluu ukalia. Ilitoka fimbo kwanza, ukafuata mguu mmoja, kisha mama mkwe mzima. Mkunga akakimbia kumshika mkono, lakini yeye akamzuia, akajinyoosha mgongo.

“Mkwe wangu,” alisema, “macho yangu ni mabovu, sibishi, ndiyo maana mmenileta. Lakini kwetu sisi lori likipitwa hubaki nyuma. Hilo lenu mbona nimesoma maandishi ya mkiani kwake tangu darajani mpaka pale kwenye mashine? Herufi zenyewe kubwa kama masufuria. Limeandikwa NJAA HAINA SHEMEJI.”